Kabla ya Kununua Betri, Kagua Feni: Maelezo kwa Watumishi na Wakaazi Wenye Magari ya Haibridi

Magari yatumiayo petroli na umeme kwa pamoja, yajulikanayo kwa jina la haibridi, yameongezeka sana katika barabara za Tanzania Bara na Visiwani. Aghalabu ni magari yaliyokwisha kutumika nchini Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kushushwa katika bandari za Dar es Salaam na Zanzibar: Toyota Prius, Aqua, Harrier na Crown, pamoja na Honda Fit. Wapo watumishi wa umma walioyanunua kwa mikopo, na wapo wafanyabiashara wanaoyategemea kwa riziki zao za kila siku. Baadhi ya magari hayo yamefika hadi wilayani, ambako fundi mwenye kuyajua ni wa kutafutwa.

Pamoja na ongezeko hilo kumezuka usumbufu ambao wenye magari wengi wanaufahamu. Taa ya onyo huwaka katika dashibodi, gari hupelekwa gereji, na mwenyewe huambiwa papo hapo kwamba betri kubwa imekufa na kwamba hapana budi anunue nyingine. Bei ya betri hiyo ni mamilioni ya shilingi, nayo kwa mtumishi wa kipato cha kawaida ni mshahara wa miezi kadhaa.

Maelezo haya yanakusudia kuwafahamisha wasomaji mambo mawili. Kwanza, si kila taa ya aina hiyo ina maana ya kufa kwa betri. Huenda kilichoharibika ni feni ndogo ya kuipoza, au ni njia ya hewa iliyoziba. Pili, hata pale ambapo betri imekufa kweli, yafaa ichunguzwe iwapo feni hiyo ndiyo iliyoiua. Mwenye kubadili betri na kuiacha feni ile ile na uchafu wake, anaitia betri mpya katika hatari ile ile iliyoimaliza ya kwanza.

Sababu ya kuutaja Mkoa wa Simiyu

Mifano ya maelezo haya imechukuliwa katika Mkoa wa Simiyu, mkoa uliomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na ambao makao yake makuu ni mji wa Bariadi. Mkoa huo umechaguliwa kwa sababu maadui watatu wa feni ya betri hukutana huko kwa pamoja, nao ni vumbi, nyuzi za pamba na joto.

Ni kweli kwamba barabara ya lami imefika Bariadi kutoka Lamadi, iliyoko katika barabara kuu ya Mwanza na Musoma, na kwamba lami nyingine inapita Maswa hadi Mwigumbi. Lakini mtumishi mwenye kazi katika vijiji vya Itilima, Meatu au Busega huiacha lami mara nyingi, na barabara nyingi za vijijini ni za udongo na changarawe. Katika miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, gari moja likitangulia, linalofuata huendeshwa ndani ya wingu la vumbi.

Isitoshe, miezi hiyo ndiyo ya kuuza na kusafirisha pamba, zao ambalo Simiyu inaongoza kwa kulizalisha nchini. Nyuzi nyepesi za pamba huruka katika vituo vya ununuzi na pembezoni mwa viwanda vya kuchambulia, huingia katika magari kwa njia ya madirisha na nguo za abiria, na kushikana na vumbi. Mchanganyiko huo hufanya utando mfano wa blanketi juu ya mapanga ya feni. Vumbi tupu hufutika kwa brashi, lakini vumbi lililoshikwa na nyuzi huganda na kuongezeka siku hata siku.

Namna betri inavyopozwa

Betri kubwa ya haibridi imejengwa kwa vipande vingi vilivyopangwa mstari mmoja, na kila kipande huitwa moduli. Betri ya Prius ya kizazi cha pili, iliyoanza mwaka 2003, na ile ya kizazi cha tatu, iliyoanza mwaka 2009, kila moja ina moduli 28 zenye jumla ya volti 201.6. Betri ya Aqua iliyoanza kuuzwa Japani mwezi Desemba 2011 ina moduli 20 na volti 144. Kila gari linapoongeza mwendo betri hutoa umeme, na kila linapofunga breki hupokea umeme. Katika kutoa na kupokea huko huzaliwa joto.

Ili joto hilo lisibaki ndani, iko feni inayovuta hewa kutoka chumba cha abiria, kuipitisha baina ya moduli, na kuitoa nje. Tundu la kuvutia hewa liko karibu na kiti cha nyuma. Katika Prius liko ubavuni mwa kiti, na katika Aqua liko chini yake. Jambo hili lina maana kubwa kwa mwenye gari, kwani betri yake huvuta hewa ile ile anayoivuta yeye na abiria wake. Chumba kikiwa na vumbi, vumbi huenda katika betri. Kikiwa na joto kali, hewa inayotarajiwa kupoza haina ubaridi wa kutosha. Magari mengi ya miaka ya nyuma, hasa, hayakuwekewa chujio katika tundu hilo.

Moduli za katikati ndizo zinazoathirika kwanza, kwa kuwa zimezungukwa na nyingine na hazina pa kutolea joto isipokuwa kwa feni. Betri za nikeli, zilizomo katika mengi ya magari haya, hazifai kukaa muda mrefu katika joto la zaidi ya takriban nyuzi 45 za Selsiasi. Joto likizidi, kompyuta ya gari hupunguza kazi ya betri ili kuilinda, na injini ya petroli hulazimika kubeba mzigo wote. Gari bado linatembea, na dereva huenda asitambue lolote isipokuwa kwamba mafuta yanakwisha upesi kuliko zamani.

Dalili ambazo dereva anaweza kuzitambua

Kabla ya kufika kwa fundi, dereva mwenyewe ana nafasi nzuri ya kuiona hitilafu mapema. Dalili za kuangaliwa ni hizi zifuatazo:

(a) Mvumo wa feni nyuma ya kiti unasikika kwa nguvu kuliko kawaida, hata katika safari fupi. Maana yake ni kwamba kompyuta inaihimiza feni kwa sababu betri haipoi.

(b) Mvumo hausikiki kabisa, hata baada ya kupanda mlima au baada ya safari ndefu katika jua la mchana.

(c) Kunasikika mkwaruzo au mtetemo, ambao huonyesha kuwa mapanga yana uchafu upande mmoja au beringi imechoka.

(d) Ulaji wa mafuta umeongezeka, na injini haizimiki gari linaposimama kama ilivyokuwa desturi yake.

(e) Kipimo cha betri katika dashibodi kinapanda na kushuka haraka, kikijaa na kupungua katika muda wa dakika chache.

Dalili ya mwisho yahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa huashiria kwamba betri yenyewe imeanza kudhoofika. Nne za mwanzo zaweza kutokea betri ikiwa bado ni nzima.

Uchunguzi, hatua kwa hatua

Kosa lililoenea ni kuanza mwisho, yaani kuifungua betri kabla ya kuangalia tundu la hewa. Utaratibu ulio bora huanza na jambo jepesi na lisilo na gharama, kisha huendelea hadi lililo zito.

Hatua ya kwanza ni kutazama. Ondoa mizigo iliyo karibu na kiti cha nyuma, na hakikisha kuwa tundu halikuzibwa na gunia, nguo, kitambaa cha kufunikia kiti au karatasi. Mulika kwa tochi ndani ya tundu. Ukiona utando wa kijivu, umekwisha kupata jambo la kushughulikia kabla ya jingine lolote.

Hatua ya pili ni kusoma namba za hitilafu kwa mashine ya kupimia gari, na kuziandika zote katika karatasi kabla ya kuzifuta. Pamoja na namba, kompyuta huhifadhi hali ya gari ilivyokuwa wakati hitilafu ilipotokea, ikiwamo joto la betri. Fundi anayefuta namba bila ya kuziandika amefuta ushahidi, na mwenye gari ana haki ya kumtaka azioneshe kwanza.

Hatua ya tatu ni kulinganisha joto. Gari likiwa limelala usiku kucha kivulini, sensa zote za joto la betri zapaswa kusoma takriban sawa, na kukaribiana na joto la hewa ya nje. Tofauti ya nyuzi mbili au tatu si neno. Ikiwa sensa moja inaonyesha mbali kabisa na wenzake, basi sensa hiyo au waya wake ndio wenye kasoro, na kompyuta imekuwa ikiiamuru feni kwa taarifa isiyo ya kweli.

Hatua ya nne ni kuiamrisha feni izunguke. Mashine za kupimia zinazofaa kwa Toyota zinaweza kuiendesha feni kwa viwango kuanzia 1 hadi 6 gari likiwa limesimama. Katika kila kiwango sikiliza mabadiliko ya mvumo, kisha shika kipande cha karatasi laini mbele ya tundu. Karatasi ikivutwa kwa nguvu na kushikwa, hewa inapita. Ikitikisika kidogo tu ilhali feni inavuma, mapanga yamejaa uchafu au bomba la hewa limeachia.

Jaribio hilo la karatasi lisidharauliwe. Katika baadhi ya magari kompyuta hupima umeme unaokwenda kwenye feni, wala haina njia ya kupima hewa yenyewe. Hivyo feni yaweza kuzunguka vizuri ndani ya utando wa pamba na vumbi, isipitishe hewa ya kutosha, na kompyuta isionyeshe namba yoyote. Kukosekana kwa namba ya hitilafu si uthibitisho kwamba betri inapozwa.

Hatua ya tano inahusu feni isiyozunguka kabisa. Hapo fundi ataanza na fyuzi, ambayo katika baadhi ya magari ya Toyota imeandikwa BATT FAN, kisha rilei, kisha plagi ya feni kama ina kutu au pini iliyopinda, na baada ya hapo atapima kama umeme unafika. Umeme ukifika na feni isizunguke, mota ya feni ndiyo iliyokufa. Usipofika, kosa liko nyuma katika waya au katika kompyuta, na kununua feni mpya hakutasaidia kitu.

Hatua ya sita, baada ya usafi au matengenezo, ni kulipeleka gari barabarani huku joto likisomwa. Safari ya Bariadi hadi Lamadi na kurudi katika jua la mchana inatosha kwa kazi hiyo. Joto likipanda kisha likatulia, kazi imefanikiwa. Likiendelea kupanda ijapokuwa hewa inapita vizuri, sasa ndipo pana sababu ya kuichunguza betri.

Hatua ya saba ndiyo ya betri yenyewe. Mashine huonyesha volti za moduli kwa jozi. Gari likibebeshwa mzigo, jozi zote zapaswa kushuka kwa pamoja. Jozi moja ikishuka kwa takriban volti 1 au zaidi kuliko wenzake, moduli zake ni dhaifu. Usafi wa feni hautazifufua moduli hizo, na msomaji asidanganywe kuwa utazifufua; lakini utazilinda zilizobaki, na utailinda betri itakayowekwa.

Maana ya namba za hitilafu

Namba hizi ni za utaratibu wa kimataifa, na mwenye gari anaweza kuziomba kwa fundi wake. P0A81 na P0A82 zahusu feni ya betri na utendaji wake. P0A84 ina maana kwamba umeme katika njia ya kuiongoza feni uko chini kuliko inavyotakiwa, na P0A85 kwamba uko juu. P0A9C, P0A9D na P0A9E zahusu sensa ya joto la betri. P0A80 ndiyo inayosema kwamba hali ya betri yenyewe imeharibika.

Ikionekana P0A81, P0A82, P0A84 au P0A85 peke yake, hakuna sababu ya kuuziwa betri siku hiyo. Ikionekana P0A80 pamoja na mojawapo ya hizo, basi betri na feni zote zishughulikiwe kwa pamoja. Ikionekana P0A80 peke yake, bado jaribio la karatasi lifanywe, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa.

Hadhari juu ya uhai wa mtu

Umeme wa betri hizi unaua. Volti 201.6 za Prius zinatosha kuusimamisha moyo, na kifaa cha kuongeza umeme katika Prius ya kizazi cha tatu huzipandisha hadi 650. Waya zote zenye umeme huo zimepakwa rangi ya chungwa, nazo zisiguswe na asiyefunzwa. Mwenye gari anaruhusiwa kufuta na kufyonza vumbi katika tundu la nje tu. Kuiondoa feni ni kazi ya fundi aliyefunzwa, kwa kuwa iko pembeni kabisa mwa betri.

Fundi naye anakumbushwa kuuzingatia utaratibu huu: kuzima gari hadi neno READY liondoke katika dashibodi, kuuweka ufunguo mbali na gari, kufungua waya wa betri ndogo ya volti 12, kuvaa glovu za mpira zilizotengenezwa kwa umeme mkubwa na zisizo na tundu, kuchomoa plagi ya usalama na kuiweka mfukoni mwake ili mtu mwingine asiirudishe, kungoja dakika 10, kisha kupima na kuthibitisha kuwa hakuna umeme kabla ya kugusa chochote. Hata baada ya hayo, moduli ndani ya betri zingali na umeme wake, na spana ikigusa ncha mbili italeta cheche na moto.

Aidha, maji yasitumike kuosha feni ikiwa mahali pake. Bomba la hewa la kompresa nalo lisielekezwe ndani ya tundu, kwani litausukuma uchafu katika betri na huenda likaharibu mota kwa kuizungusha kupita kiasi. Njia iliyo sahihi ni brashi laini na mashine ya kufyonza vumbi.

Magari ya umeme mtupu

Si magari yote ya umeme yaliyo na feni ya betri. Nissan Leaf ya vizazi viwili vya mwanzo, iliyoanza kuuzwa mwaka 2010, ina betri iliyofungwa kabisa chini ya sakafu, isiyo na feni wala maji. Mwenye gari hilo katika joto la kanda yetu hana feni ya kusafisha. Kinga yake ni kuegesha kivulini na kutolijaza umeme mara tu baada ya safari ndefu. Magari mengine ya umeme hupozwa kwa maji maalumu yanayozungushwa na pampu hadi kwenye rejeta ya mbele. Kwa hayo, kinachokaguliwa ni kiwango cha maji, pampu, na rejeta iliyozibwa na majani au matope. Yafaa mnunuzi aulize tangu mwanzo ni ya aina ipi.

Kwa wakaazi wa Unguja na Pemba

Huenda mkaazi wa Visiwani akaona kwamba vumbi la Simiyu halimhusu. Ni kweli kwamba visiwani hakuna pamba, lakini kuna hewa ya chumvi na unyevu mwingi. Hewa hiyo huvutwa na feni ile ile na kuleta kutu katika plagi ya feni na katika vipande vya shaba vinavyounganisha moduli. Barabara za kifusi nazo hutoa vumbi jeupe linalonata kwa unyevu. Utaratibu wa uchunguzi ulioelezwa hapo juu ni ule ule; tofauti ni kwamba huku plagi na maungio yakaguliwe mapema zaidi, ilhali Bariadi mapanga ndiyo ya kwanza.

Utunzaji na wajibu wa kila mmoja

Wenye magari wanashauriwa kusafisha tundu la hewa kila wiki katika kiangazi, na feni yenyewe ifunguliwe na fundi angalau mara moja kwa mwaka, ikiwezekana baada ya msimu wa pamba. Katika barabara ya vumbi madirisha yafungwe na kiyoyozi kitumike. Hewa safi na baridi ndani ya chumba ndiyo hewa ya betri. Mahali palipo na chujio, lisafishwe au libadilishwe, wala lisitupwe kwa kisingizio cha kuongeza hewa.

Madereva wa magari ya Serikali wanakumbushwa kuripoti dalili zilizotajwa mara zinapoanza, na kuziandika, ili Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA), au karakana nyingine iliyopewa dhamana, ianze kazi ikiwa na taarifa kamili. Gari la ofisi likikwama njiani kuelekea Mwanhuzi, anayesubiri ni mgonjwa, ni mkulima, au ni mtihani wa skuli unaopelekwa.

Betri iliyokwisha kuharibika isitupwe jalalani wala isichomwe. Ni taka hatarishi, na yapaswa kukabidhiwa kwa mkusanyaji mwenye kibali kwa mujibu wa sheria za mazingira, Bara na Zanzibar.

Mwisho, kila anayeambiwa anunue betri anashauriwa kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa fedha: ni namba gani zilizosomwa, feni ilipoamrishwa, karatasi ilivutwa au haikuvutwa, na ni jozi ipi iliyoshuka gari lilipobebeshwa mzigo. Fundi aliyeifanya kazi yake atayajibu yote matatu kwa dakika moja. Asiyeweza kuyajibu bado hajachunguza, na mwenye gari ana haki ya kuzizuia fedha zake hadi uchunguzi huo ufanywe.